Kabla ya Kuvuka Maji: Habari za Vibarua wa Msimu

Wasikilizaji wetu, nanyi msomao maneno haya katika kitabu, leo twataka kuzungumza habari za watu ambao kila mmoja wetu amewaona, lakini ni wachache waliowauliza habari zao.

Mtu akisimama Kamanga alfajiri, penye gati, huona ng'ambo ya ghuba mji wa Mwanza na majabali yake. Watu wengi hungoja kivuko hapo. Wako wachuuzi wa samaki na makapu yao, wako wanafunzi, wako wagonjwa waendao hospitali kubwa. Na katikati yao, hasa miezi ya mvua na miezi ya mavuno, wako vijana na watu wazima waliochukua mzigo wa namna moja: shuka, sufuria ndogo, unga kidogo, na jembe lisilo na mpini. Mpini huuacha nyumbani, kwani huwasumbua wenzao chomboni, nao watachonga mwingine huko waendako. Hao ndio vibarua wa msimu. Wengine hawavuki hapa kwa kwenda mjini, bali huja upande huu kutoka ng'ambo, wakielekea mashamba ya Sengerema na Geita. Na tangu mwaka 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, wengi hupita kule kwa gari. Njia ni nyingi, lakini mzigo ni ule ule.

Kibarua wa msimu ni mtu ambaye kazi yake hufuata mvua. Pamba ya kwetu hupandwa mwezi wa Novemba na Desemba. Palizi ni Januari na Februari, ndipo magugu yanapomshinda mwenye shamba, naye huita watu. Kisha kazi hulala. Huamka tena mwezi wa Mei au Juni, pamba ikipasuka, na watu huchuma mpaka Agosti. Wengine hufuata mpunga, na wengine huenda mbali zaidi kukata miwa, mathalani Misenyi katika Mkoa wa Kagera. Katika mwaka mzima mtu huyu hufanya kazi miezi mitano au sita, tena kazi ya jua kali na mgongo kuinama. Basi kwa nini mara nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu, au akiwa na deni?

Wako wasemao ya kwamba ni ulevi, au uvivu, au kukosa akili ya kuweka akiba. Sisi hatukubali. Tumewaona wengi wasioonja pombe nao wakirudi vivyo hivyo. Twaona sababu ni nyingine: mtu hujiandaa kwa safari ya miguu na tumbo tu. Huandaa unga na nauli. Hajiandai kwa karatasi atakayowekewa alama ya kidole, wala kwa miezi ile kazi inapolala. Na haya mawili hayatengenezwi shambani. Hutengenezwa hapa nyumbani, kabla ya kuvuka maji.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida huko Marekani. Miche mingi ilikufa njiani, ikapona 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalikua mashamba makubwa ya Tanga, Pangani, Korogwe, na baadaye Morogoro na Kilosa. Mkonge hauna huruma kwa mikono: majani yake yana miiba, na kazi yake haina mwisho wa mwaka. Wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba yao wenyewe, hawakutaka kazi hiyo. Ndipo matajiri wa mashamba walipotazama bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, watu waliokwisha kujulikana kwa kuchukua mizigo mpaka pwani. Mwanzo walikwenda kwa miguu. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, safari ikawa nyepesi kidogo, na watu wakaongezeka.

Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyomjibia mahali pa jina lake. Alipewa na kipande, yaani kadi yenye siku 30 za kazi, naye alitakiwa aimalize kwa muda usiozidi siku 42. Siku aliyofanya kazi iliandikwa. Siku asiyomaliza ngwe yake haikuandikwa. Wazee wetu wakisema hata leo ya kwamba fulani "ana kipande", wakumbuka kadi ile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu wengi kwenda mashambani, wala si kwa hiari yao tena, kwa kuwa mkonge ulitakiwa sana vitani kwa kamba na magunia.

Mwaka 1944 chama cha wakulima wakubwa wa mkonge kiliunda ofisi ya kutafuta watu, ikaitwa SILABU. Ofisi hiyo ilikuwa na malori, na kambi njiani, na makarani katika miji ya bara. Mtu aliyeandikwa alipewa chakula cha njia, akapata mahali pa kulala, akapelekwa mpaka shambani, na mkataba ukiisha akarudishwa kwao. Tusiidharau kazi hiyo. Kabla yake watu walikufa njiani kwa njaa na homa, bila mtu wa kuwazika. Lakini tutazame vizuri msaada ule ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa kufikisha mikono shambani ikiwa na nguvu, na kuirudisha ikiwa imechoka ili mingine ije. Mtu alikaa miaka miwili akikata majani ya mkonge, akawa hodari kabisa wa kukata majani ya mkonge, kisha akarudi Usukuma ambako mkonge hupandwa mpakani mwa shamba kuwa ua tu. Ustadi wake wote ukabaki Korogwe. Mkewe alilima peke yake miaka hiyo miwili, na watoto wakachunga ng'ombe badala ya kwenda shule. SILABU ilikoma katika miaka ya 1960, na bei ya mkonge ikaanguka. Mtindo wenyewe wa kuchukua mikono na kuiacha akili nyumbani haukukoma.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno moja juu ya desturi yetu wenyewe. Wasukuma hawakungoja Mdachi wala Mwingereza kuwafundisha kufanya kazi ya palizi kwa kundi. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi, elika, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba aliyezidiwa na magugu alikwenda kwa mkubwa huyo, wakapatana malipo kwanza, chakula au mnyama wa kuchinjwa, ndipo vijana wakaja na ngoma zao wakalima. Angalia mambo matatu hapa: mapatano yalitangulia kazi, yalifanywa na mmoja kwa niaba ya wengi, na mashahidi walikuwapo. Kijana wa leo aendaye peke yake kusimama mbele ya karani wa shamba ameyapoteza yote matatu.

Sasa tutasimulia kisa kimoja. Tunafundisha katika chuo cha ualimu, na mmoja wa wanafunzi wetu alikuwa mtoto wa kibarua. Mwaka mmoja baba yake aliondoka na wenzake kwenda kukata miwa katika shamba moja la mbali, ambalo hatutalitaja. Mtu wa kuandika watu alikuja kijijini, akawahesabu, akawapakia katika lori. Walifika usiku. Asubuhi karani aliuliza kila mtu, "Umetoka wapi?" Naye mzee wetu, kwa kuwa alilala njiani, akataja mji aliolala. Karani akaandika. Mzee akaweka dole gumba.

Alifanya kazi msimu mzima. Msimu ulipokwisha, lori halikuwapo. Alipouliza, aliambiwa ya kwamba yeye aliajiriwa pale pale, karibu na shamba, hivyo nauli yake si juu yao. Akauza blanketi, akauza na jembe. Alifika kwenye kivuko akiwa hana senti ya kuvukia, na aliyemlipia ni mama mmoja muuza dagaa asiyemjua.

Alikuja chuoni kumtazama mwanawe, nasi tukaketi naye. Akasema, "Mwalimu, sisi tusiojua kusoma hatuna sheria." Tukamwambia, "Baba, sheria ipo. Ila ulikuwa hujaambiwa neno moja."

Neno lenyewe ni hili. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema ya kwamba mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: jina lake na makao yake, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, siku ya kuanza, muda wa mapatano, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira. Na kama mfanyakazi haelewi maandishi, mwajiri amweleze kwa namna atakayoelewa. Tena yasema ya kwamba kazi ikikoma mahali pengine, si pale mtu alipoajiriwa, mwajiri amrudishe yeye na vyombo vyake mpaka alipoajiriwa, au amlipe nauli ya safari hiyo. Na akichelewa kumsafirisha, amlipe fedha za kula kwa siku zote anazongoja.

Basi tazameni uzito wa maneno yale mawili, "mahali alipoajiriwa". Mtu aliyeandikwa na kupakiwa Kamanga ameajiriwa Kamanga. Karatasi ikisema "Kamanga, Wilaya ya Sengerema", nauli ya kurudi ni deni la mwajiri. Karatasi ikitaja mji wa karibu na shamba, deni hilo limefutika kwa wino. Lakini tuseme kweli yote: mtu aliyeondoka mwenyewe, akatembea mpaka lango la shamba, akaomba kazi pale, huyo ameajiriwa langoni. Hawezi kudai nauli ya kurudi Kamanga. Kwa hiyo ni afadhali kuandikwa kijijini, mbele ya mtendaji wa kijiji, kuliko kujipeleka. Na ye yote ajaye kijijini kuandika watu, akikataa kukaa mezani na mtendaji, huyo asipewe mtu hata mmoja.

Mzee wetu alituuliza, "Na likizo? Maana tulicheka tuliposikia wenye kazi ya kudumu wanalipwa wakiwa wamelala." Tukafurahi kumjibu. Sheria hiyo hiyo imemtaja mtu wa msimu waziwazi: naye ana haki ya likizo yenye malipo. Na mtu ambaye kila mara hufanya kazi miezi michache, ikiwa katika mwaka mmoja amerudi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule, na miezi yake yote ikijumlishwa yazidi sita, haki hiyo ni yake pia. Ni wachache sana waidaio, kwa sababu hakuna aliyehesabu siku. Karani ana hesabu yake. Kibarua ana kumbukumbu ya kichwani tu. Mbele ya msuluhishi, daftari hushinda kichwa.

Mambo mengine tutayapita upesi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na saa za ziada hulipwa ujira wa saa moja na nusu kwa kila saa. Ujira wa chini hutangazwa na serikali kwa kila namna ya kazi, nao hubadilishwa mara kwa mara, basi uliza ofisi ya kazi kabla ya kuondoka. Mtu akiacha kazi ana haki ya kupewa hati ya utumishi. Aiombe, aitunze, kwani itamsaidia baadaye kama tutakavyoeleza. Mama anyonyeshaye ana haki ya kupata muda wa kunyonyesha katika saa za kazi, usiozidi saa mbili kwa siku.

Kuumia kazini kunahitaji maneno zaidi. Panga la miwa hukata mguu kama linavyokata muwa, na dawa ya kuua wadudu wa pamba hupofusha macho. Zamani kibarua aliyeumia alipewa bendeji na kufukuzwa. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na kutokana nayo ukaanzishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa herufi WCF. Fedha za mfuko huu hutolewa na waajiri. Hazikatwi katika ujira wa mfanyakazi, na mtu akikatwa ujue ameonewa. Mfuko hulipa matibabu na fidia, na mtu akifa kwa ajili ya kazi huwalipa wanaomtegemea. Lakini lazima ajali itolewe habari mara moja kwa mwajiri, na wenzake walioona wataje majina yao siku ile ile, si baada ya mwezi, msimu umekwisha na kila mtu amekwenda kwao.

Na mwajiri akikataa haki? Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria nyingine ya mwaka 2004, nayo ina ofisi Mwanza. Mtu hahitaji mwanasheria mwenye koti jeusi. Anahitaji kwenda mapema: aliyeachishwa kazi isivyo haki apeleke malalamiko ndani ya siku 30, na mwenye madai mengine ndani ya siku 60. Mzee wetu alikuwa amekaa nyumbani miezi mitano akinung'unika. Siku zilikwisha kupita. Tulimweleza hivyo, naye akatazama chini muda mrefu. Hatukuwa na neno la kumfariji. Wakata miwa na watu wa mashamba makubwa wanacho pia chama chao, TPAWU, ambacho mjumbe wake huweza kusema kwa niaba ya mtu. Huyo ndiye nsumba ntale wa siku hizi, na ada yake ni ndogo kuliko nauli iliyopotea.

Kwa mwenye shamba mdogo wa jirani anayeita watu siku mbili kupalilia, hatusemi mpelekeane karatasi za mawakili. Yatosha kupima ngwe kwa kamba kabla ya kuanza, mbele ya watu wawili, na kupatana bei. Ugomvi mwingi tuliousikia vijijini si wa bei, ni wa urefu wa hatua: mwenye shamba ni mrefu, kibarua ni mfupi, na kila mmoja apima kwa miguu yake.

Sasa tuje kwenye miezi ambayo kazi hulala. Hapo ndipo twaona hazina iliyofukiwa.

Mwaka 1975 serikali ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi za Skandinavia. Vimepita 50 katika nchi nzima, na kimoja kiko Sengerema, hapa hapa wilayani. Vyuo hivi havikuwekwa kwa ajili ya wenye vyeti vikubwa. Viliwekwa kwa ajili ya mtu aliyemaliza darasa la saba, au hata hakumaliza, ajifunze ufundi, kilimo bora, na hesabu za biashara. Mbali na mafunzo ya muda mrefu huwa na kozi fupi, na kozi fupi ndizo zimfaazo mtu wa msimu. Katika baadhi ya vyuo hivi vimewekwa vituo vya kulea watoto wadogo, ili mama kijana aliyeacha shule aweze kusoma huku mtoto wake akitunzwa. Jambo hili twalisifu sana, kwa sababu tumeona wasichana wengi werevu ambao elimu yao ilikoma siku walipojifungua.

Upande wa Mwanza kipo chuo cha VETA, chini ya mamlaka ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko liko jambo moja ambalo watu wengi wa vijijini hawalijui. Mtu aliyejifunza kazi kwa mikono, bila kupita shule, mjenzi au seremala au fundi wa magari, huweza kwenda akapimwa ustadi wake, akaonyeshwa alipopungukiwa, kisha akapewa cheti. Huko huitwa urasimishaji wa ujuzi. Ndipo hati ya utumishi tuliyoitaja inapofaa, kwa sababu inashuhudia kazi aliyoifanya na miaka yake.

Lakini ufundi gani? Hapa twatofautiana na wengi. Kila mzazi akituuliza hutaja cherehani kwa binti na gari kwa mvulana. Tunakijua kijiji kimoja chenye vyerehani tisa na nguo za kushona hakuna. Tazama kwanza kazi inayolia palipo karibu nawe. Wakulima wa pamba hunyunyiza dawa kwa bomba la mgongoni, na bomba moja likivunjika mpira wake hutupwa, kwa sababu fundi hayuko karibu. Mtu mmoja mwenye ujuzi wa mabomba hayo, akizunguka vijiji vitano wakati wa kunyunyiza, hatashika jembe la mtu. Yako majembe ya kukokotwa na ng'ombe yaliyolala uani kwa kukosa fundi wa kunyoosha ulimi. Kufundisha maksai ni ufundi, nao hulipwa. Penye ziwa iko bustani ya kiangazi, nyanya na mchicha, kwa pampu ndogo. Ila akumbuke ya kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 huhifadhi meta 60 kutoka ukingo wa maji, asije akapanda akang'olewa. Na ng'ambo, Ukiriguru katika Wilaya ya Misungwi, ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichozaa mbegu zetu za pamba zianziazo na herufi UK, na chuo cha kilimo kiko huko huko. Kijana wa kibarua ambaye amepalilia pamba miaka kumi ana elimu nusu tayari ya bwana shamba. Nusu nyingine iko Ukiriguru.

Yako nayo mambo ya watoto, nayo yatuhusu sisi waalimu kwa uchungu. Sheria yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini hakuna anayesema amemwajiri mtoto. Husema mtoto anamsaidia mama yake. Mama amepewa ngwe kubwa kuliko nguvu zake, basi watoto wawili wanaingia naye katika mistari. Tuliwahi kufundisha shule ya msingi, na mwezi wa Februari madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Nasi tulifanya nini? Tuliandika "mtoro" katika kitabu cha mahudhurio, tukaendelea na somo. Hatukuuliza mtoto amekwenda wapi. Aliporudi mwezi wa Aprili tulimchapa, naye baada ya siku chache akaacha kabisa. Tunalisema jambo hili kwa aibu.

Laiti wakati ule tungelimpa mzazi barua ya uhamisho! Mtoto aendaye na wazazi miezi mitatu huweza kuingia shule ya karibu na shamba, akirudi akapokewa kwao. Na aliyekwisha kukosa miaka mingi, upo mpango wa MEMKWA, uliowekwa kwa ajili ya watoto walioikosa elimu ya msingi, ili wajifunze kwa muda mfupi na kurudishwa katika darasa linalowafaa. Marekani, ambako watu wa msimu huhama mamia ya maili wakifuata matunda na mboga, serikali ilianza kutenga fedha kwa ajili ya vibarua hao kwa sheria ya mwaka 1964, wajifunze kazi nyingine. Na mwaka 1969 ulianzishwa mpango wa kuwatunza na kuwafundisha watoto wao wadogo huku wazazi wakichuma. Tajiri na maskini wana shida moja hapa, ya kwamba mtoto wa mtu anayehama hana dawati lililo lake. Kwetu wenye shamba wa kijiji kimoja wangeweza kuanza na jambo dogo: kivuli cha mwembe, jamvi, maji, na mama mmoja mzee anayelipwa ngwe yake kwa kuwatazama watoto wa wenzake mpaka saa saba.

Yule mzee wetu alikwenda tena msimu uliofuata, maana njaa haingoji sheria. Safari hii waliondoka watu kumi na wawili, wakamchagua mmoja awe msemaji. Mtendaji aliandika majina yao na neno "Kamanga" penye mstari wake. Mzee alichukua daftari la binti yake, kurasa za nyuma zilizobaki, na kwa kuwa hajui kusoma, kila jioni alichora mstari mmoja kwa siku nzima na nusu mstari kwa nusu siku. Kijana mmoja wa kundi akaandika tarehe pembeni. Siku ya malipo karani alikuwa na siku 71. Daftari lilikuwa na 76. Walibishana asubuhi yote, wakafungua vitabu viwili pamoja, na siku nne zikapatikana. Moja hawakukubaliana, akaiacha. Alirudi kwa lori, akavuka ghuba kwa fedha yake, na yule mama muuza dagaa akalipwa deni lake na samli juu.

Kwa wale waendao msimu huu, twakumbusha ya kwamba kivuko cha kwanza huondoka kabla ofisi ya kijiji haijafunguliwa. Atakaye kuandikisha jina lake na aende kwa mtendaji siku moja mbele, saa za asubuhi, pamoja na wenzake anaosafiri nao na huyo aliyekuja kuwachukua.